Rangi ya Barafu na Kilo za Mtoto

Mtoto wa hapa kwetu Lisekese akipata hela ya kula shuleni, mara nyingi huishia kwenye barafu ya mfuko au ubuyu wa rangi. Kujua kama rangi ile ina madhara, uliza kwanza ni rangi gani, kisha mtoto ana kilo ngapi.

Rangi za chakula zina namba. E102 ni tatrazini, ya manjano. E124 ni nyekundu. Mwaka 2009 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kiwango salama cha E124 kwa siku, kutoka miligramu 4 hadi 0.7 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 20 anafika ukomo kwa miligramu 14. Baba yake wa kilo 70, kwa 49. Kiwandani rangi hupimwa kwa mizani. Nyumbani hutiwa kwa kukadiria mpaka maji yakolee, na watoto hukimbilia iliyokolea zaidi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha utafiti ambamo waliwanywesha watoto mchanganyiko wa rangi na sodiamu benzoeti, dawa ya kuhifadhi iliyomo katika soda nyingi. Baadhi walizidi utukutu. Athari ilikuwa ndogo, haikuwapata wote, wala haikujulikana ni kipi hasa kilichoileta. Hata hivyo, tangu Julai 2010 Ulaya inalazimisha onyo kwenye vyakula vyenye yoyote kati ya rangi sita za utafiti huo, E102 na E124 zikiwamo.

Rangi ya ukili, ikitumika badala ya rangi ya chakula, ni hatari nyingine kabisa. Ni ya mikeka, haikutengenezwa iliwe, na hakuna kipimo chake kilicho salama mdomoni, hata ncha ya kijiko.

Lakini tusiogope kila kinachoongezwa. Madini joto kwenye chumvi huzuia uvimbe wa tezi la shingo na hulinda ubongo wa mtoto tangu tumboni. Mjamzito anayepikia chumvi ya mawe isiyotiwa madini hayo anamnyima mwanawe kinga hiyo.

Mama muuza barafu, nunua rangi yenye jina, namba na alama ya ubora ya TBS, na uipime kwa kijiko kilekile kila siku. Au chemsha rosela: wekundu wake unatosha, na uchachu wake watoto wanaupenda.