Hoki ya junioro: wakubwa wa miaka 20 wabakie ao watoke?

Kwetu, muchezaji anapunguza miaka kusudi abakie kwa junioro. Kule Kanada, kwa hoki ya barafu, hakuna kuficha: ligi kubwa za junioro ni za vijana wa miaka 16 mupaka 20, na kila ekipe inaruhusiwa wachezaji watatu tu wa miaka 20.

Kuko wenye kusema hata hao watatu watoke, juu wanakalia nafasi ya watoto. Ni kweli, mutoto wa 16 kugongana na mwanaume wa 20 si muchezo. Lakini tuangalie Rouyn-Noranda, muji wa shaba kama huu wetu. Mwaka wa 2019 Huskies walibeba Kombe ya Memorial, na ule aliyeongoza ligi yao kwa pointi, Peter Abbandonato, alikuwa mumoja wa hao wakubwa. Mutoto atajifunza wapi, kama si pembeni yake?

Sisi tunasema watatu wabakie, wa ine asiongezwe. Lakini wachaguliwe mbele ya masomo. Kwa ligi ya magaribi, ekipe inaweza kungojea mupaka Oktoba ndio ikate. Ule anayekatwa, iniversite imekwisha kuanza bila yeye.