Vifaa vya Kamera vya Kuchukua Safarini: Istilahi Zinazochanganywa

Miongoni mwa maswali yaliyotufikia katika dawati la istilahi, limo moja ambalo kwa kulitazama juujuu halikustahili makala. Ofisa mmoja alipewa kazi ya kupiga picha za ujumbe wa watu saba uliokuwa ukienda mkutanoni Geneva, Uswisi. Kabla ya safari alikabidhiwa orodha ya vifaa vya kamera iliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Orodha hiyo ilimwagiza achukue “lenzi ya kuvuta” na “kigeuza umeme”, na betri za akiba aziweke “katika begi”.

Ofisa huyo alitii kila neno. Uwanjani sanduku lake lilifunguliwa, betri zikatolewa, akabaki na ile moja iliyokuwamo katika kamera. Alipofika aliona kwamba kigeuza umeme, pamoja na uzito wake wote, hakina kazi, na plagi ya chaja yake haiingii katika soketi ya ukutani. Hatimaye picha ya ujumbe, iliyopigwa katika chumba kidogo, ilitoka na watu wanne badala ya saba. Aliporudi alituuliza: kosa ni la nani?

Tuliisoma orodha ile. Sarufi yake haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa katika istilahi: mahali patatu, neno moja lilibebeshwa maana mbili. Tumeona ni vema kuyaeleza mambo hayo hapa, kwani yanawahusu wafasiri wote wa maelezo ya vifaa.

1. “Lenzi ya kuvuta”

Wapiga picha wengi husema “kuvuta” kwa maana ya kukifanya kitu cha mbali kionekane karibu. Wengine husema hivyo hivyo kwa maana ya kuzungusha lenzi ili upana wa picha ubadilike. Haya ni mambo mawili mbalimbali.

Kila lenzi ina urefu wa fokasi, unaopimwa kwa milimita. Urefu huo ukiwa mfupi, mathalani milimita 24, picha huchukua eneo pana. Hiyo ni lenzi ya pembe pana. Ukiwa mrefu, mathalani milimita 300, picha huchukua eneo jembamba na kitu cha mbali huonekana kikubwa. Hiyo ni lenzi ya mbali. Swali la pili ni kama urefu huo unaweza kubadilishwa. Lenzi yenye urefu mmoja tu tunapendekeza iitwe lenzi thabiti, na ile inayobadilika, kama ya milimita 24 hadi 70, iitwe lenzi badilifu. Mnyambuliko huu si mgeni: kutokana na haribu tunapata haribifu, na kutokana na vumilia tunapata vumilivu.

Kwa hiyo lenzi ya milimita 24 hadi 70 ni badilifu, lakini si ya mbali. Lenzi thabiti ya milimita 300 ni ya mbali, lakini si badilifu. Ile ya milimita 70 hadi 300, ambayo ndiyo aliyochukua ofisa wetu, ni yote mawili.

Hasara yake yaweza kupigiwa hesabu. Kamera yake ina kihisi cha milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani ya milimita 35. Umbali wa kusimama hupatikana, kwa kukadiria, kwa kuzidisha upana wa kundi kwa urefu wa fokasi, kisha kugawanya kwa 36. Watu saba waliosimama bega kwa bega huchukua kama meta 3.6. Kwa lenzi ya milimita 70, mpiga picha hana budi kusimama meta 7 kutoka kwao; kwa lenzi ya milimita 24, meta 2.4 zatosha. Chumba kilimpa meta 4 tu, ambazo kwa lenzi yake huingiza upana wa meta 2 na kidogo. Watatu waliokosekana walipotezwa na neno “kuvuta”.

2. “Kigeuza umeme”

Hapa yapasa kuuliza: kinageuza nini? Chombo kinachobadili volti ni transfoma. Kinachowezesha plagi ya umbo moja kuingia katika soketi ya umbo jingine ni adapta ya plagi, nacho hakigusi volti hata kidogo. Umeme wa Uswisi ni wa volti 230, kama wetu. Kilichotofautiana ni soketi tu, kwani huko plagi ni za vijiti vya mviringo, si bapa. Ofisa alihitaji adapta ndogo ya kutia mfukoni. Hata Marekani, kwenye volti 120, chaja iliyoandikwa 100–240 V haihitaji transfoma. Msafiri na asome maandishi hayo kwanza.

3. “Begi”

Msafiri wa ndege ana mizigo ya aina mbili: mzigo wa mkononi, anaoingia nao ndani, na mzigo wa kukabidhi, unaopakiwa shehenani. Neno “begi” halitofautishi. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka betri za akiba za lithiamu ziwe katika mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimekingwa zisigusane na chuma, kwa sababu moto ukizuka ndani ya ndege wahudumu huweza kuuzima upesi. Kipimo chake ni wati-saa, yaani volti mara ampea-saa: betri ya volti 7.2 na ampea-saa 2 ina wati-saa 14.4. Zisizozidi wati-saa 100 huruhusiwa bila kibali. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, wala zisizidi mbili.

Basi orodha ile ingepaswa kusomeka hivi: lenzi badilifu moja inayoanzia pembe pana; adapta ya plagi ya Uswisi; betri mbili za akiba katika mzigo wa mkononi. Ni fupi kuliko ya awali, na mzigo wake ni mwepesi zaidi.

Kwa mfasiri, funzo ni moja. Kabla ya kukipa kifaa jina, aulize kinafanya kazi gani, na ni kifaa gani kingine kinachoweza kuitwa kwa jina hilo hilo. Kama kipo, jina hilo bado halijawa istilahi. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya tuliyopendekeza wanaombwa watuletee, pamoja na sababu zao.