Makadamia, Kahawa na Tarehe Ambayo Watu Hawaiulizi

Serikali ikitangaza lolote kuhusu makadamia, kahawa au parachichi, simu za Wakenya walio ng'ambo hujaa ujumbe. Huyu ametumiwa kipande cha habari na binamu yake Karatina, yule picha ya magunia yaliyopangwa kando ya mizani huko Mukurwe-ini. Swali ni lile lile: soko limefunguliwa, nitume pesa? Kwa bahati mbaya, swali hilo mara nyingi huja baada ya pesa kutumwa.

Jambo lililowachanganya wengi zaidi ni la Novemba 2023. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, aliruhusu makadamia yauzwe nje yakiwa na ganda. Hatua hiyo haikuwa ndogo. Tangu 2009, William Ruto alipokuwa waziri wa wizara hiyo hiyo, Kenya ilikuwa imezuia makadamia yasiyobanguliwa yasitoke nchini ili kazi ya kuvunja ganda na kukausha kiini ibaki kwa viwanda vya hapa. Baadaye zuio likaingizwa katika sheria ya 2013 iliyounda Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA. Kifungu cha 43 cha sheria hiyo kinafanya kuwa kosa la jinai kuuza nje makadamia ghafi bila idhini ya maandishi ya waziri.

Sababu ya kulegeza ilijulikana kwa kila mkulima. Bei ya shambani, ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa imekaribia shilingi 200 kwa kilo, ilikuwa imeanguka hadi chini ya 50. Korona ilikuwa imefunga mahoteli na kupunguza wanunuzi Marekani na Ulaya, na njugu zilikuwa zimelundikana maghalani. Wanunuzi wa China, wanaozitaka zikiwa na ganda, walionekana kama mkombozi. Kuanzia Meru na Embu hadi Kirinyaga na Othaya, watu wakaanza kutafuta maghala ya kukodi.

Jambo ambalo ujumbe wa simu haukulisema, au ulilisema mwishoni ambako watu hawafiki, ni kwamba ruhusa ilikuwa ya mwaka mmoja. Novemba 2024 mlango ukafungwa tena.

Mwaka mmoja ni muda mrefu kwa anayeuza viatu, lakini makadamia hayafuati kalenda ya ofisi. Katika nyanda za Mlima Kenya msimu mkubwa wa mavuno huanza karibu na Machi, na AFA hufunga uvunaji miezi ya mwisho wa mwaka hadi Februari hivi ili njugu changa zisichumwe. Kwa hiyo katika ile miezi 12, ya kwanza ilipita mitini kukiwa hamna kitu cha maana cha kuvuna. Mtu aliyetuma pesa Desemba ili "awahi" alikuwa analipia kodi ya ghala tupu, na kama ghala halikuwa tupu, lilikuwa na njugu changa. Ilipofika Machi, aliyeanza kutoka sifuri alikuwa bado na kampuni ya kusajili, leseni ya AFA ya kuomba, vyeti vya afya ya mimea vya KEPHIS vya kufuatilia na kontena la kutafuta Mombasa. Walionufaika ni wale waliokuwa na leseni, mizani na wanunuzi tangu zamani. Kwao tangazo liliongeza soko kwenye biashara iliyokuwepo. Mgeni alipewa mwaka mmoja wa kujifunza, na ada ya masomo ilikuwa akiba yake.

Kuhusu njugu changa, hapa ndipo ndugu aliyeachiwa kazi ya kununua huangushwa. Makadamia iliyokomaa haitambulikani kwa kutazama gunia. Huokotwa moja, likapasuliwa lile ganda la nje la kijani, na upande wake wa ndani ukaangaliwa. Ukiwa umegeuka kahawia, njugu imekomaa. Ukiwa bado mweupe, ilichumwa mapema. Kiini cha njugu changa kina maji mengi na mafuta machache, na kikikaushwa hunywea kikawa kigumu, na kiwanda hukikataa. Mabroka wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wengine huleta mzigo uliokwisha ondolewa ganda la kijani. Wakulima nao huchuma mapema kwa kuogopa wezi wa usiku, na huwezi kuwalaumu. Lakini hasara humwangukia wa mwisho kulipa, naye mara nyingi yuko Dallas au Doha, anaangalia picha.

Wapo pia waliopanda miti kwa sababu ya tangazo lile. Mche wa kubebeshwa huchukua miaka mitatu hadi mitano kuanza kuzaa. Uamuzi wa kupanda unastahili kutegemea mambo yatakayokuwepo wakati huo: kiwanda kilicho karibu, maji, udongo, soko la viini ambalo halijawahi kufungwa na zuio lolote. Ruhusa itakayokwisha kabla mti haujafika kiunoni haina uzito wowote katika hesabu hiyo.

Lawama haiwezi kuwaangukia wanaotuma pesa peke yao. Serikali ina tabia mbaya ya kutangaza sera jukwaani, katika mazishi na kwenye mikutano ya mavuno, kisha maandishi yakafuata baada ya wiki kadhaa, au yakaja na masharti ambayo jukwaani hayakutajwa. Mkulima wa Tetu na muuguzi wa Minnesota wote wanastahili kupewa tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho na jina la ofisi ya leseni siku ile ile ya tangazo. Ni jambo la ukurasa mmoja, na kukosekana kwake mwaka baada ya mwaka hakuna udhuru.

Mpaka hilo litakapobadilika, kuna mahali pa kutazama. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa, na sheria zote za nchi zinasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Sheria ya 2013 kuhusu kanuni za mawaziri inataka kila kanuni mpya ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inapoteza nguvu. Kwa hiyo kanuni inaweza kuwa gazetini leo na isiwepo mwezi ujao. Mswada ndio wa kuogopwa zaidi. Juni 2024 Mswada wa Fedha uliondolewa baada ya vijana kuandamana nchi nzima, na aliyekuwa ameagiza bidhaa mapema ili kukwepa kodi mpya akabaki na shehena aliyoinunua kwa haraka isiyo na sababu. Kisha Desemba mwaka huo huo baadhi ya mapendekezo yakarudi katika sheria nyingine ya kodi, yakaanza kutumika tarehe 27, wakati watu wengi walikuwa mashambani kwa Krismasi.

Kahawa inaonyesha upande mwingine, yaani jinsi mabadiliko yanavyoweza kumfaa anayeyasoma mapema. Kanuni za soko la kahawa zilizotolewa 2020 ziliweka wazi kwamba udalali mnadani utasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kwamba anayekoboa kahawa hatakuwa tena na mkono katika kuiuza. Zilikaa miaka mitatu huku wengi wakidhani hazitatekelezwa. Ilipofika Julai 2023, leseni za zamani zikakoma, na Soko la Kahawa la Nairobi likayumba kwa kukosa madalali wenye leseni mpya. Waliokuwa tayari wakapata nafasi, vikiwemo vyombo vinavyomilikiwa na vyama vya wakulima katika kaunti kama Meru na Murang'a. Malipo nayo yakapitishwa moja kwa moja kwa vyama na wakulima kupitia mfumo unaoendeshwa na Benki ya Ushirika. Bei za dunia zikasaidia: Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa ratili New York. Nafasi hii haikuwa siri. Iliandikwa kwenye karatasi miaka mitatu kabla.

Karatasi nyingine ya namna hiyo iko mezani sasa. Umoja wa Ulaya, mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Kenya, umepitisha sheria inayotaka kila gunia lithibitishwe kuwa halikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lililo chini ya hekta nne linahitaji nukta moja tu ya kijiografia, na mashamba mengi ya Mathira na Othaya hayafiki hata hekta moja. Kazi iliyopo, basi, ni ya kupita nyumba kwa nyumba na simu nzuri, kuandika namba za wanachama na kuzilinganisha na daftari la kiwanda cha chama. Kijana wa Karatina mwenye pikipiki na nidhamu anaweza kuifanya kwa mkataba na chama, na mtaji wake ni mdogo kuliko wa lori moja la makadamia. Lakini tarehe ya kuanza imekwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja, kutoka Desemba 2024. Anayetaka kuwekeza humo aandike malipo yake kwa kila shamba lililopimwa, asingoje Ulaya ianze.

Upande wa kodi una mtego wake. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi na Mamlaka ya Mapato, KRA, wakati wa kukokotoa kodi ya mapato ya biashara. Mkulima mwenye magunia matatu hana ankara hiyo, na kwa wauzaji wadogo wasiozidi shilingi milioni tano kwa mwaka mnunuzi ndiye anayeruhusiwa kuitoa kwa niaba yao. Ndugu anayenunua kwa daftari la shule na M-Pesa bila kufanya hivyo anaiweka kampuni katika hali ya kutozwa kodi kana kwamba mzigo wote iliupata bure.

Kisha kuna ardhi, na hapa hasara huwa kubwa kuliko zote. Kabla ya Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa Kenya. Katiba mpya inampa haki ya kuurudisha, lakini kwa kuomba, haurudi wenyewe. Wapo watu walioapishwa Marekani au Uingereza miaka ya 1990 na 2000 ambao hawajawahi kuomba, na wanatafuta ekari za parachichi Kieni wakijiona Wakenya kamili. Kisheria, bado ni wageni. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na bodi imeamriwa kukataa mnunuzi akiwa si raia. Kujificha nyuma ya kampuni hakusaidii, kwa sababu mwanahisa mmoja asiye raia, hata akiwa ni mke au mume, anatosha kuikwamisha. Mkataba usioombewa kibali ndani ya miezi sita ni batili, na pesa zilizolipwa hugeuka deni la kudaiwa mahakamani.

Kwa hiyo aliyebadili uraia kabla ya Agosti 2010 aanze na fomu za idara ya uhamiaji, apate cheti cha kurejeshewa uraia mkononi, ndipo amtafute wakili wa Nyeri au Nanyuki na kuzungumza habari za amana.