Kutoka Pigo la Kichwa hadi Demensia: Namna Ushahidi Ulivyojengwa

1. Utangulizi

Jeraha la ubongo ni madhara yanayoupata ubongo kutokana na nguvu ya nje, kama vile kugongwa, kuanguka au kichwa kutikiswa kwa ghafla. Demensia, kwa upande wake, si ugonjwa mmoja bali ni jina la jumla la hali ambayo kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa kujitegemea hudhoofika hatua kwa hatua. Ugonjwa wa Alzheimer ndio kisababishi chake kikuu. Kati ya jeraha na demensia huweza kupita miaka 20, 30 au zaidi, na pengo hilo la muda ndilo lililoufanya uhusiano wake uwe mgumu kuthibitishwa. Mtu aliyepigwa akiwa kijana huanza kusahau akiwa mzee, na walio karibu naye huona kuwa uzee peke yake unatosha kuwa sababu.

Makala haya yanafafanua namna watafiti walivyoliziba pengo hilo. Yanaonesha kuwa ushahidi ulio imara haukutokana na aina moja ya utafiti, bali na aina mbili zinazokamilishana: uchunguzi wa ubongo wa marehemu, na ulinganishaji wa kumbukumbu za afya za watu wengi.

2. Ushahidi wa mwanzo: mabondia

Mnamo mwaka 1928, Harrison Martland, mwanapatholojia wa Newark nchini Marekani, alichapisha maelezo kuhusu mabondia waliopepesuka, kusema kwa kukokota maneno na kutetemeka mithili ya walevi. Watu wa ulingoni walikwishaijua hali hiyo na kuipa jina la ulevi wa ngumi. Martland aliiingiza katika fasihi ya tiba. Mwaka 1937, Millspaugh aliipa hali hiyo jina la Kilatini lenye maana ya demensia ya mabondia. Baadaye, mwaka 1973, Corsellis na wenzake nchini Uingereza walieleza matokeo ya kuchunguza bongo za mabondia wastaafu 15. Walikuta ukuta mwembamba wa katikati ya ubongo umechanika, seli za neva zimepungua katika baadhi ya sehemu, na mafundo ya nyuzi yamejaa ndani ya seli.

Tafiti hizo zilikuwa na athari mbili. Kwa upande mmoja, zilithibitisha kuwa ngumi huacha alama ya kudumu. Kwa upande mwingine, ziliifanya demensia itokanayo na mapigo ionekane kuwa tatizo la mabondia pekee.

3. Kutoka ulingoni hadi uwanjani

Dhana hiyo ilitikiswa na vifo viwili vya mwaka 2002. Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, alifariki akiwa na umri wa miaka 50 baada ya miaka mingi ya kuchanganyikiwa. Ubongo wake ulichunguzwa Pittsburgh na Bennet Omalu, mwanapatholojia mzaliwa wa Nijeria, ambaye pamoja na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2005. Walikuwa wamekuta ugonjwa sugu wa ubongo utokanao na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara, unaojulikana kwa ufupisho wa CTE.

Katika mwaka huohuo wa 2002, nchini Uingereza alifariki Jeff Astle, mshambuliaji wa zamani wa West Bromwich Albion, akiwa na umri wa miaka 59. Afisa aliyechunguza kifo chake aliamua kuwa kilitokana na maradhi ya kazi, yaani kupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2014, ubongo wake ulipochunguzwa upya na Willie Stewart wa Glasgow, ulikutwa na CTE. Umuhimu wa kisa cha Astle ni kwamba soka si mchezo wa kupigana. Kama madhara yalitokana na mpira wenyewe, swali halikuwahusu tena watu wachache waliochagua ulingo.

4. Kinachotokea ndani ya ubongo

Seli za neva huwasiliana kupitia nyuzi ndefu ziitwazo aksoni. Ndani ya kila aksoni mna vijibomba vinavyosafirisha virutubishi, navyo huimarishwa na protini ya tau. Kichwa kinapozungushwa ghafla, aksoni huvutwa kupita kiasi. Tau huweza kujitenga na vijibomba, ikabadilika kikemia na kugandamana kuwa mafundo. Aidha, protini ambayo huzalisha amiloidi hurundikana kwenye aksoni zilizojeruhiwa, na uvimbe-joto huweza kuendelea kwa miaka mingi.

Katika CTE, tau hurundikana kuzunguka mishipa midogo ya damu, hasa kwenye vina vya mikunjo ya ubongo. Mpangilio huo huutofautisha ugonjwa huu na Alzheimer. Hata hivyo, CTE huthibitishwa kwa uhakika baada ya kifo tu. Zaidi ya hayo, familia zinazotoa bongo za wapendwa wao kwa ajili ya utafiti aghalabu ni zile zilizokwisha kuona dalili. Kwa hiyo darubini huweza kuonesha kilichomo ndani ya ubongo uliougua, lakini haiwezi kusema ni wangapi kati ya waliopigwa hatimaye huugua. Swali hilo huhitaji hesabu ya watu wengi.

5. Ushahidi wa sajili za kitaifa

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia kumbukumbu za watu wapatao milioni 2.8. Waliowahi kupata jeraha la ubongo walikuwa na hatari ya demensia iliyozidi ya wengine kwa asilimia 24. Hatari iliongezeka kulingana na ukali na idadi ya majeraha: kwa jeraha moja dogo ilizidi kwa asilimia 17, na kwa jeraha moja kali kwa asilimia 35. Ili kuondoa shaka kwamba ajali yoyote ingeleta matokeo hayo, watafiti waliwalinganisha pia na watu waliovunjika mifupa mingine isiyo ya fuvu wala uti wa mgongo. Tofauti ilibaki.

Shaka nyingine ni kuwa huenda mambo yamegeuzwa: mtu ambaye demensia imekwisha kumwanza huanguka kwa urahisi, hivyo jeraha likawa tokeo badala ya sababu. Utafiti wa Sweden wa mwaka huohuo ulionesha kuwa hatari ilikuwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya jeraha, jambo linaloipa shaka hiyo uzito. Hata hivyo, hatari iliendelea kuonekana baada ya zaidi ya miaka 30, kipindi ambacho hakiwezi kuelezwa kwa hoja hiyo.

6. Wachezaji wa Skotlandi

Mwaka 2019, Stewart na wenzake walilinganisha wachezaji wa zamani wa soka ya kulipwa 7,676 na watu wa kawaida 23,028 wenye umri na hali sawa ya maisha. Wachezaji walifariki kwa magonjwa ya kuharibika kwa ubongo kwa asilimia 1.7, ilhali kundi linganishi lilikuwa asilimia 0.5. Wachezaji haohao walikufa kwa uchache zaidi kutokana na maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Yawezekana basi kudai kuwa waliugua demensia kwa sababu waliishi zaidi. Lakini baada ya jambo hilo kuzingatiwa katika hesabu, hatari yao ilibaki takribani mara tatu na nusu.

Uchambuzi wa mwaka 2021 ulikwenda mbali zaidi kwa kutazama nafasi za uchezaji. Mabeki walikuwa na hatari kubwa kuliko wote, takribani mara tano. Walinda lango, ambao ni nadra kupiga mpira kwa kichwa, hawakuonesha ongezeko la wazi. Wote walifanya mazoezi katika timu zilezile na kuishi maisha yaleyale. Tofauti yao kubwa ilikuwa kichwa na mpira. Ingawa idadi ya mipira iliyopigwa haikuhesabiwa moja kwa moja, ulinganisho huo ndio uliokaribia zaidi jaribio la kisayansi.

7. Hitimisho

Ushahidi huu hausemi kwamba kila aliyepigwa kichwani atapata demensia, wengi hawapati. Unasema kuwa jeraha la ubongo ni kihatarishi kinachoweza kuzuilika, na mwaka 2020 Tume ya jarida la Lancet ilikiweka katika orodha yake ya vihatarishi 12. Katika mwaka huohuo, mashirikisho ya soka ya Uingereza, Skotlandi na Ireland ya Kaskazini yaliwazuia watoto wa shule za msingi kupiga mpira kwa kichwa mazoezini.

Kwa Afrika Mashariki, ambako ajali za pikipiki huwajeruhi vijana wengi vichwani, kuna funzo la ziada. Denmark iliweza kujibu swali lake kwa sababu namba moja ya utambulisho huambatana na mtu maisha yake yote, na jalada la jeraha la ujanani husomeka pamoja na jalada la uzeeni. Kofia ngumu humlinda mwendesha pikipiki leo. Jalada la hospitali lililotunzwa vizuri ndilo litakaloiwezesha familia yake, miaka 30 ijayo, kuelewa kilichompata.