Resho Mupya na Nguvu ya Umeme Nyumbani



Tangu tulipotoka vakansi, neno moja linasumbua internati: juu ya nini Bwana Prefe amekataza resho katika vyumba vya kulala, hata ile mupya ya kioo isiyokuwa na moto? Wengine wanasema ni ugumu wa roho tu. Sisi wa mwaka wa sita tuliombwa kujibu, na tunajibu kwa hesabu.

Resho ya zamani tunaijua wote: waya uliozungushwa unapata umeme, unakuwa mwekundu, unachoma sufuria. Resho ya induksio haifanyi vile. Chini ya kioo kuko waya wa shaba uliojikunja kama nyoka analala. Umeme ndani yake unageuka mbele na nyuma zaidi ya mara 20.000 kwa sekunde moja, na unazaa nguvu ya sumaku. Nguvu ile inaingia katika kitako cha sufuria na kuzaa umeme mwingine mule mule ndani ya chuma, na chuma kinapata moto chenyewe. Kioo kinapashwa na sufuria, si sufuria na kioo.

Hapa ndipo mama wengi wanapoteza feza. Sufuria zetu karibu zote ni za aluminiumu, hata zile nzito za bugali ambazo mafundi wanayeyusha. Ukiiweka pale juu, resho inalia ti-ti-ti, kisha inazimika, na mutu anarudi sokoni kugombana na muuzaji bure. Mbele ya kununua, peleka sumaku chini ya sufuria. Ikishika, utapika. Isiposhika, bakia na mbabula yako, ao nunua sufuria kwanza.

Sasa hesabu. Katika fizika tulijifunza: wati ni volti mara ampeeri. Kwetu volti ni 220. Resho ya induksio ya wati 2000 inavuta ampeeri 9 na kidogo. Pasi ya wati 1000 inavuta 4,5. Kama fuzibu ao dijonkteri ya nyumba ni ya ampeeri 10, inabeba wati 2200 tu. Resho peke yake inapita. Dada akianza kupiga pasi, munafika wati 3000, ni kusema ampeeri zaidi ya 13. Dijonkteri haianguki palepale. Inangoja mpaka kipande cha chuma ndani yake kipate moto na kujikunja, halafu ta! giza. Ndiyo maana watu wanasema, «Mbona mbele ilikuwa inakubali?»

Na watu wanakasirikia dijonkteri. Tuseme kweli, na sisi tulikasirika. Mwezi wa pili mwaka 2024, katika chumba chetu, fuzibu ilikatika mara tatu jioni moja. Ndugu mumoja, ambaye hatutamutaja, akatoa fuzibu na kuweka waya nene. Tukamusifu kama fundi. Resho mbili zikawaka pamoja, chai ikachemka, tukaimba. Lakini waya ndani ya ukuta ulikuwa mwembamba, wa ampuli tu, na ampeeri zikiongezeka mara mbili, moto ndani ya waya unaongezeka mara ine. Kisha saa moja hivi, prizi nyuma ya godoro ilianza kuyeyuka. Moshi ulijaa. Mwenzetu alikwisha kunyanyua ndoo ya maji. Mwingine akamushika mukono na kukimbia kukata umeme kwanza. Kama ile ndoo ingemwagwa mbele, leo tungekuwa tunaandika habari ya maziko.

Hatusemi resho mupya ni mubaya. Kwa litri 2 za maji, ile ya wati 2000 inachemsha karibu dakika 7, na ya zamani ya wati 1000 karibu dakika 16. Ukihesabu yote, mupya inakula umeme kidogo kuliko ya zamani, maana moto wake haupotei hewani. Lakini inaukula kwa pupa, yote mara moja, na waya hauulizi utamaliza saa ngapi. Iko na kidude cha kupunguza: weka 1000 kama kuko pasi.

Jioni kuko shida ingine. Kartie nzima inapika, volti zinashuka. Zikifika 160, resho ya zamani inabaki na nusu tu ya nguvu yake, na maharagi yanakuwa mawe. Ya induksio, nyingi zinakataa kabisa kuwaka.

Wengine walisema, basi tutaingiza mbabula chumbani. Hapana! Makala katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu, na hiyo inaua mutu akiwa usingizini.

Tumeandikia Bwana Prefe barua: katika jiko la refektwari wavute laini ya pekee, waya wa milimeta 2,5 za mraba, na dijonkteri yake ya ampeeri 16, kwa resho moja tu, zamu kwa zamu. Anauliza bei kwa fundi. Mpaka jibu litoke, resho zote zinakaa kwa mulinzi wa internati, na sumaku ya laboratwari iko kwetu. Mwenye kutaka kupima sufuria yake aje siku ya tatu kisha etidi.