Akina Mama wa Dhahabu ya Makongolosi

Mtu afikaye Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, hakosi kuwaona akina mama kazini. Wengine huponda mawe kwa nyundo, wengine huosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kupitiwa na wenzao, na wengine huwapikia wachimbaji kwa mkopo hadi duara litoe. Dhahabu ya Lupa imejulikana tangu miaka ya 1920. Jasho la mwanamke limo ndani yake. Lakini mwanamke mwenye leseni, mwenye karasha na mwenye kauli katika bei ni wa kuhesabika.

Sheria haikumfungia mlango. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji ni haki ya Watanzania, wake kwa waume. Kinachomzuia, pamoja na uhaba wa mtaji, ni kutojua: ni eneo gani lililo wazi, ada ni kiasi gani, nani aaminiwe katika kukodi pampu. Habari hizi wanaume huambiana jioni barazani, saa ambayo mama yu jikoni.

Mwaka 1997 wanawake wachimbaji wa nchi hii waliunda chama chao, TAWOMA. Faida kubwa ya chama cha namna hiyo ni kumkutanisha mwanamke anayesitasita na yule aliyekwisha kuthubutu, akaona kwa macho yake kwamba huyo naye alianzia kwenye nyundo.

Tena umoja una hesabu yake. Soko la madini la Chunya lilifunguliwa mwaka 2019, na mwaka huo huo mchimbaji mdogo akaondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio. Lakini mwenye nusu gramu, anayetaka unga jioni hii, hawezi kusafiri kilomita 39 hadi Chunya; humwuzia wa kwanza kumfikia, kwa bei ya huyo. Watano wakiunganisha nusu gramu zao, safari hujilipa. Mikopo ya halmashauri nayo, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea mwaka 2024, na hupewa vikundi. Aliye peke yake hana pa kuandika jina.

Hatuna ugomvi na makongamano ya viongozi wanawake wa biashara yafanyikayo katika mahoteli ya Dar es Salaam na Dodoma. Ila mponda mawe hana nauli ya kufika huko. Twaomba mabibi wenye leseni waje Makongolosi, waketi karibu na karasha, waonyeshe karatasi zao, waseme pia hasara walizopata, na wafundishe kutumia chombo cha kunasia mvuke wa zebaki, kwa maana wengi huichoma hapo hapo walipo na watoto wao. Na mkutano huo uitishwe mchana, si jioni.