Kinanda kisichotoa sauti na nyimbo zetu za kambini

MWAKA 2012, kambi ya wakimbizi ya Mtabila mkoani Kigoma ilipofungwa, kwaya yetu ilitawanyika. Wengine waliangukia Makamba, wengine Rumonge, wengine Bujumbura. Mimi nilirudi Burundi na mkeka, sufuria mbili na kaseti moja yenye nyimbo 11 za mwalimu wetu wa kwaya. Kaseti hiyo ilikuwa imechezwa mno, hata sauti ikawa inayumba kama mtu mwenye homa. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuandika noti hata moja. Nyimbo zote alizibeba kichwani.

Mwaka jana aliniita nyumbani kwake.

"Mwanangu, mimi ninazeeka," aliniambia. "Wewe unavuka mpaka kila mwezi. Tuletee kinanda cha kurekodia, tuziweke hizi nyimbo kabla sijaondoka nazo."

Tuliobaki karibu tulichanga, mmoja akitoa fedha za maharage, mwingine za mawese. Nilipokwenda Dar es Salaam kufuata vitenge, niliingia duka moja la vyombo vya muziki. Muuzaji akanionyesha kibodi ya MIDI yenye vitufe 49, nyepesi kiasi cha kuingia kwenye begi. "Hii ndiyo ya studio, mzee," akasema. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo sikuijaribu. Nililipa shilingi 320,000 za Tanzania nikaondoka.

Pale mpakani nilipata somo la kwanza. Nilidhani nitatumia utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000. Ofisa akanieleza kwa upole kwamba cheti kile ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Kibodi imetengenezwa China, na kununuliwa Kariakoo hakuifanyi kuwa ya Tanzania. Nikalipa ushuru. Ndugu mfanyabiashara, uweke gharama hiyo kwenye hesabu zako mapema, na utunze risiti ya duka.

Somo la pili lilikuwa chungu zaidi. Jumapili, mbele ya kwaya nzima, nilitaka kuunganisha kibodi na spika za kanisa. Nikatafuta tundu la waya wa spika, halikuwepo. Kulikuwa na tundu la USB tu. Nikabonyeza vitufe vyote 49, kimya. Mama mmoja akasema nyuma yangu, "Pesa zetu zimeliwa." Mwalimu hakusema neno. Alichukua kitambaa, akaifunika ile kibodi kama mtu anayefunika maiti, akatoka nje.

Juma lililofuata niliibeba hadi Bujumbura, kwa kijana anayerekodi muziki chumbani kwake. Aliichomeka kwenye laptopu, akafungua programu, akabonyeza. Ikalia kama piano ya hotelini.

"Mzee, hiki hakiimbi," akaniambia akicheka. "Kinaandika."

Msomaji wangu, neno hilo lingeniokoa na aibu kama ningelisikia dukani. MIDI ni lugha ambayo vyombo vya muziki huongea vyenyewe kwa vyenyewe. Ilianza kuonekana sokoni mwaka 1983, baada ya watengenezaji kadhaa kukubaliana, wakiongozwa na Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, ili chombo cha kampuni moja kielewane na cha kampuni nyingine. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Ukibonyeza kitufe, kibodi haipeleki sauti. Inapeleka namba: kitufe gani, kimebonyezwa kwa nguvu gani, kimeachiwa lini. Sisi wafanyabiashara tunaweza kuielewa hivi: kibodi ni karani anayeandika oda, na kompyuta ndiyo ghala. Karatasi ya oda haina mchele ndani yake. Ghala likiwa tupu au likiwa mbali, utakaa na karatasi yako mkononi.

Sasa faida zake. Kwanza, kibodi nyingi za namna hii hunywa umeme wa kompyuta kupitia waya uleule wa USB. Umeme ukikatika, betri ya laptopu inaendelea kuwabeba wote wawili. Pili, ukikosea noti moja hurudii wimbo mzima, unaisogeza noti hiyo kwa mkono kwenye kioo. Tatu, unaweza kupandisha au kushusha wimbo wote bila kubadilisha mwendo wake. Nne, faili lake ni dogo sana. Sauti ya kawaida ya CD hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, ila wimbo mzima wa MIDI mara nyingi haufiki hata megabaiti moja, kwa hiyo unatumwa kwa simu bila kumaliza bando.

Anayetaka kuanza azingatie haya. Kabla ya kununua, tazama kinanda cha zamani kilichopo kanisani au nyumbani. Kama nyuma yake kuna tundu lililoandikwa "USB TO HOST" au "MIDI", huenda tayari unayo kibodi unayoihitaji. Kama unanunua, vitufe 25 vinatosha kwa mapigo na nyimbo rahisi, lakini anayecheza kwa mikono miwili atafute 49 au 61. Aidha, mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta au simu mbele yako. Mbuzi hanunuliwi kwenye gunia.

Upande wa programu, LMMS ni ya bure na inakuja na sauti zake za ala, ila hairekodi waimbaji. Reaper inarekodi vyote viwili. Unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60, kisha leseni ya bei ya punguzo ni dola 60. Hata hivyo, ala zake za mwanzo ni chache, kwa hiyo utapakua sauti za bure za piano na ogani ukiwa mjini kwenye intaneti nzuri. Wenye kompyuta za Apple wanayo GarageBand bila malipo.

Jambo linalowakatisha wengi tamaa ni sauti kuchelewa: unabonyeza sasa, inalia baadaye. Kibodi haina kosa hapo. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampuli 1,024 huchelewesha kama milisekunde 23, la 128 kama milisekunde 3 tu. Punguza namba hiyo kwenye mipangilio ya sauti, na kwenye Windows weka draiva ya bure ya ASIO4ALL. Ukizidisha kupunguza, laptopu dhaifu itaanza kukwaruza. Hapo rudi juu kidogo.

Tena usisahau kwamba kibodi hairekodi koo la mtu. Kwa waimbaji unahitaji kipaza sauti. Sisi tulianza na cha USB, tukitundika blanketi ukutani kuzuia mwangwi.

Nilirudi kwa mwalimu na laptopu ya kuazima. Akacheza wimbo wa kwanza, nikaurekodi. Alipotaka kuuimba, koo likakataa, kwani ule wimbo aliutunga akiwa kijana. Nikaushusha nusu sauti tatu kwa kubofya mara chache. Akasikiliza, akanitazama, akauimba mpaka mwisho. Mama yule aliyesema pesa zimeliwa alikuwa mlangoni. Aliingia akashika sauti ya pili bila kuombwa.

Mpaka leo tumemaliza nyimbo tisa. Mbili zimebaki, kwa sababu kaseti imeharibika sehemu hizo na mwalimu amesahau beti. Wenye kuzikumbuka wametawanyika kati ya Makamba na Bujumbura, na wengine hawakurudi. Kama uliimba nasi Mtabila, ukipita Makamba usikie kinanda jioni, ingia. Huenda ubeti tunaoutafuta unao wewe.